Kamera moja kwa Mikumi na Makunduchi

Swali limetoka kwa mwalimu wa kike wa sekondari mjini Tanga. Anaandika: "Kaka, nimedunduliza shilingi milioni 1.8 ninunue kamera. Mwezi wa saba tunawapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira Mikumi, kisha mimi na dada yangu tunavuka kwenda Unguja kuangalia Mwaka Kogwa. Nataka mtambo utakaompata simba wa mbali na pia mlango wa Mji Mkongwe. Dukani wamenishauri kamera yenye zumu ya mara 65. Rafiki yangu anasema nichukue lenzi moja tu ya 18-400. Simu yangu ni nzuri, ila tembo wanatoka kama sisimizi. Nishike lipi?"

Mwalimu, hao tembo wako wa kisisimizi ndio watakaotuongoza. Simu yako inashindwa na kitu kilicho mbali. Kwa kitu cha karibu, mchana, penye mwanga wa kutosha, haishindwi: mandhari pana, chumba, kundi la wanafunzi mbele ya lango la hifadhi, vyote inavimudu, na wewe mwenyewe umekiri kuwa ni nzuri. Kwa hiyo lenzi pana unayo tayari mfukoni na umeshailipia. Hizo milioni 1.8 zielekee kule simu isikofika, yaani umbali, na baada ya umbali, mwanga hafifu. Ukishika hilo, ushauri wa dukani na wa rafiki yako utaupima mwenyewe.

Nianze na hiyo "mara 65". Namba hiyo hupatikana kwa kugawa urefu mkubwa wa fokasi ya lenzi kwa urefu mdogo, vyote kwa milimita; milimita zikizidi, kitu cha mbali kinasogea zaidi. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 ni mara 3. Lenzi ya 100 hadi 300 nayo ni mara 3. Ya kwanza inaenea chumba kizima, ya pili inamleta ndege aliye juu ya mti, na zote zinaandikwa namba ileile. Muuzaji akikutajia "mara", muulize: kutoka milimita ngapi hadi ngapi? Kamera ya mara 65 inayojulikana ni Canon PowerShot SX70 HS ya mwaka 2018, na lenzi yake hutoa upeo sawa na milimita 21 hadi 1365 kwa kipimo cha filamu ya zamani ya milimita 35. Ni kweli itauvuta uso wa simba ukajaa kwenye fremu. Shida iko kwenye kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi.

Umewahi kukinga maji ya mvua chini ya bati. Mvua ni moja, lakini aliyeweka beseni na aliyeweka kikombe hawatoki na maji sawa. Kihisi cha kamera ile kina ukubwa wa takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Kihisi cha kamera za Canon za kubadilisha lenzi zilizo katika uwezo wako ni milimita 22.3 kwa 14.9. Piga hesabu ya eneo, utaona cha pili ni kama mara 12 ya cha kwanza. Saa 6 mchana kikombe kinajaa na hutaona tofauti kubwa. Lakini wanyama wa Mikumi wanaonekana vizuri alfajiri na jioni, na saa hizo kikombe hakijai. Picha inajaa chembechembe, manyoya ya simba yanageuka uji. Isitoshe, lenzi ikirefushwa hadi mwisho, tundu lake hujibana na kupitisha mwanga mchache zaidi, na mtikisiko wa mkono unakuzwa pamoja na picha. Tena mchana wa jua kali, mazigazi yanayopanda kutoka ardhini hulainisha kila kitu kilicho mbali sana, hata lenzi ingekuwa ya bei gani. Milimita 1365 ni namba ya kwenye kasha. Porini huitumii mara nyingi.

Sasa unahitaji milimita ngapi hasa? Chukua simba aliyelala umbali wa mita 40 kutoka barabarani, umbali wa kawaida kabisa. Kwa Canon yenye kihisi nilichokitaja, lenzi ya milimita 55 itakupa fremu yenye upana wa karibu mita 16 pale alipolala: simba ni doa na nyasi zimejaa. Ya milimita 135 inakupa upana wa mita 6.6. Ya milimita 250 inakupa mita 3.6, na simba, ambaye kiwiliwili chake kinakaribia mita 2, anachukua nusu ya picha na zaidi. Hiyo ni picha ya kutundika darasani. Ya milimita 400 ingekupa mita 2.2, akajaa pembe hadi pembe. Kwa hiyo 250 inatosha kwa simba, twiga, nyati, pundamilia na tembo. Kwa ndege wadogo haitoshi, nakwambia mapema usije ukanilaumu. Ndege wa sentimita 20 aliye mita 20 atachukua sehemu moja tu ya tisa ya upana wa picha. Kama moyo wako uko kwa ndege, niandikie tena, jibu litakuwa jingine.

Ushauri wangu kwako basi: nunua bodi ya Canon iliyotumika, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na lenzi mbili, 18-55 na 55-250. Bodi niipendayo kwa safari kama yako ni EOS 200D ya mwaka 2017, yenye megapikseli 24. Pamoja na betri na kadi ina uzito wa gramu 453, lenzi ya 55-250 STM ni gramu 375, ile ya 18-55 ni kama gramu 215. Mzigo wote ni kilo moja na kidogo. Ukiikosa, 750D ya 2015 inafaa, na hata 700D ya 2013 yenye megapikseli 18 itakutoa kifua mbele. Kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, na wapigapicha wengi wanauza zile za kioo, kama hizi nilizotaja, ili wazifuate kampuni hizo. Kuhama kwao ndiko kunakuwezesha wewe kupata kifaa kizuri kwa bei iliyolegea. Lenzi za Canon za aina ya EF zilianza mwaka 1987, na zinakaa kwenye bodi yoyote kati ya hizo, kwa hiyo hata kesho ukikuta lenzi ya mzee aliyestaafu kazi ya studio, itakufaa.

Kwenye fedha, bodi isivuke nusu ya bajeti. Laki tisa iwe ukomo. Lenzi zote mbili zichukue laki tano hadi sita, na iliyobaki inunue betri ya pili, memori kadi mbili za ukubwa wa kati na begi lisilopitisha maji. Wengi hufanya kinyume: wanamaliza fedha kwenye bodi mpya inayong'aa, kisha wanabaki na lenzi iliyokuja nayo kwenye kasha, wakirudi kutoka mbugani na picha za sisimizi walewale.

Lile wazo la rafiki yako, lenzi moja ya 18-400, silidharau. Tamron walitoa lenzi hiyo mwaka 2017 na ni kazi ya kupongezwa. Lakini ina gramu 700 na ushei, nzito kuliko bodi yenyewe, na hata iliyotumika itameza fungu lako kubwa. Hofu iliyo nyuma ya ushauri wake, nadhani, ni kubadilisha lenzi kwenye vumbi. Hofu hiyo ni ya haki, na nitaieleza dawa yake nikifika Mikumi.

Ikiwa hutaki kabisa habari ya kubadilisha lenzi, ipo njia nyingine ninayoiheshimu: Panasonic Lumix FZ1000 ya mwaka 2014, iliyotumika. Lenzi yake haibanduki, inatoa upeo sawa na milimita 25 hadi 400, na kihisi chake ni milimita 13.2 kwa 8.8, mara nne ya kile cha kamera ya mara 65. Huo mwisho wa 400 ni sawa na ile 250 ya Canon, kwa sababu kihisi cha Canon hubana upeo kwa mara 1.6. Tena ikifika mwisho huo, tundu lake liko wazi zaidi, f/4 dhidi ya f/5.6 (namba ndogo ni tundu kubwa), kwa hiyo pengo la kihisi linapungua sana. Kwa picha ya simba wa asubuhi, kamera hizi mbili zinakaribiana. Kwa nini basi nakuelekeza Canon? Vumbi likiingia ndani ya lenzi isiyobanduka, ni fundi tu wa kuifungua, na fundi wa kazi hiyo si rahisi kumpata. Kwenye Canon, lenzi ikiugua unabadilisha lenzi, kamera inaendelea. Na klabu yako ya wanafunzi itakua. Mtoto mmoja atashika bodi, mwingine ataleta lenzi, mtajengeka pole pole. Hata hivyo, ukiikuta FZ1000 safi kwa bei nzuri, ichukue. Sitasikitika kwa ajili yako.

Sasa mitego. Ya kwanza inanasa watu kila mwezi. Madukani huuza Canon ikiwa na "lenzi mbili" kwa bei inayovutia, na lenzi ya pili ni EF 75-300mm III. Namba 300 inaonekana kubwa kuliko 250, mteja anafurahi. Lenzi hiyo haina kituliza mtikisiko, na ukiivuta hadi mwisho picha inalegea. Soma maandishi kwenye lenzi yenyewe: unatafuta herufi IS, yaani kituliza mtikisiko, na unatafuta STM, yaani mota ya kufokasi kimya. Ile 55-250 ya STM ilitoka 2013 na inafokasi haraka na kimya kuliko matoleo mawili yaliyoitangulia. Kwa upande wa Nikon kuna mtego unaofanana nao. Bodi za D3000 na kuendelea, na za D5000 na kuendelea, hazina mota ya kufokasi ndani yake. Ukifunga lenzi ya zamani iliyoandikwa AF pekee bila S, itabidi ufokasi kwa mkono, na simba hakusubiri. Lenzi mpya zilizoandikwa AF-P nazo hazifokasi kwenye bodi za zamani kama D90, D3100, D5100 na D7000. Lenzi inaweza kukaa vizuri kwenye bodi, ikafunga "tak", na bado isifanye kazi. Usilipe kabla hujaiona ikifokasi mbele yako.

Kuna jambo moja la kifaa kilichotumika ambalo sisi watu wa pwani tunapaswa kulijua kuliko wote, nalo ni ukungu ndani ya lenzi. Unyevu wetu wa Tanga, Mombasa na Unguja unaotesha kuvu kwenye vioo kama unavyootesha kwenye mkate. Miaka ya mwanzo wa kazi hii nilinunua lenzi Kariakoo, nikaijaribu nje juani, picha zikatoka safi, nikalipa. Wiki ya pili nikapiga arusi ya usiku, na kila taa ilizungukwa na wingu jeupe. Nilipomulika tochi ndani nikaona nyuzi kama utando wa buibui, zimetambaa kutoka ukingoni hadi katikati. Muuzaji hakuipokea tena. Zile zilikuwa fedha za kodi ya nyumba yangu, na kwa sababu hiyo jambo hili nalisema kwa kila anayeniuliza.

Nenda na tochi. Tochi ya simu inatosha. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele, ukigeuza pole pole. Vumbi kidogo halina neno, kila lenzi iliyotumika inalo. Nyuzi, madoa yenye mizizi au ukungu kama pumzi kwenye kioo, rudisha na uage. Kisha iweke kwenye kamera, fokasi karibu, fokasi mbali, sikiliza kama inakwaruza. Vuta zumu toka mwanzo hadi mwisho, isikwame popote. Piga ukuta mweupe au anga huku tundu limebanwa hadi f/16, halafu ikuze picha kwenye kioo cha kamera: madoa meusi ni uchafu juu ya kihisi, unasafishika, lakini ni hoja ya kupunguziwa bei. Chungulia nafasi ya betri, kusiwe na kutu, na betri isiwe imevimba. Memori kadi ukiinunua mpya, ijaze mafaili mpaka mwisho nyumbani kabla ya safari uone kama yote yanafunguka, maana kadi bandia huonyesha ukubwa isiokuwa nao na huanza kupoteza picha ikishavuka ujazo wake wa kweli.

Ukishakuwa na kamera, iepushe na kabati la nguo. Iweke ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba, na itoe kuitumia mara kwa mara. Lenzi inayopigwa mwanga na hewa huchelewa kuota kuvu.

Haya, Mikumi. Julai ni kiangazi, nyasi zimekauka na wanyama wanaonekana, ila vumbi ni jingi. Dawa ya vumbi ni kuamua kabla. Funga 55-250 mkiwa bado langoni, gari limesimama na madirisha yamefungwa, na usiibandue mpaka mzunguko uishe. Anayetaka mandhari pana ya uwanda wa Mkata atapiga kwa simu. Ikibidi kabisa kubadilisha, zima kamera, elekeza mdomo wa bodi chini, mwenzako awe ameshaishika lenzi ya pili tayari, mkamilishe kwa sekunde chache chini ya kanga. Mwambie dereva azime injini kila mnaposimama. Mtetemo wa basi hupanda hadi kwenye picha, na hiyo IS imetengenezwa kutuliza mikono yako, mtetemo wa injini ya dizeli haiuwezi. Shona kifuko cha kitenge, kitie kilo moja ya mchele, kilaze kwenye ukingo wa dirisha, lenzi ikae juu yake. Nimekitumia kifuko cha namna hiyo miaka mingi na ninakipenda kuliko stendi ya miguu mitatu, ambayo ndani ya gari haina pa kusimama. Fungua kioo cha dirisha. Kupiga kupitia kioo chenye vumbi ni kuitupa lenzi yako.

Kwa milimita 250, shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, isishuke chini ya sehemu ya 400 ya sekunde wakati unajifunza. Alfajiri utalazimika kupandisha ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600, na usiiogope: chembechembe kidogo zinasameheka, simba aliyetikisika hasameheki. Kumbuka pia kuwa IS hutuliza mkono wako tu. Swala akikimbia, ni shata ya kasi peke yake itakayomshika.

Unguja mambo yanageuka. Pale Makunduchi, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume wanapopigana kwa mabua ya migomba, utakuwa ndani ya watu, na wao hawasimami. Funga 18-55, shata sehemu ya 500, na kaa karibu kiasi cha kuona jasho, huku ukiacha njia ya kurudi nyuma. Kile kibanda cha makuti kitakapowashwa moto, watu hukimbilia upande mmoja, kwa hiyo chagua mahali pako mapema na uulize wenyeji upepo unaelekea wapi. Kinamama wanaoimba ni picha nzuri kuliko mapigano, kwa maoni yangu, lakini pale usianze na kamera. Amkia, kaa, sikiliza wimbo mmoja mzima, halafu omba ruhusa. Wewe ni mwanamke na ni Mswahili mwenzao, utapewa nafasi ambayo mimi sijawahi kuipata.

Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hutapata pa kurudi nyuma, ukuta utakugusa mgongoni. Ile milimita 18 ndiyo kazi yake. Milango iliyochongwa ipige asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama, ili nakshi zitoe vivuli. Saa 6 mchana upande mmoja wa kichochoro unaungua na mwingine ni giza. Na usiku ukishuka Forodhani kwenye taa za wauza vyakula, utaona lenzi zako zote mbili zinaanza kuhema. Pale panataka lenzi isiyo na zumu, Canon 50mm f/1.8, yenye gramu 160. Ikifunguliwa yote huingiza mwanga kama mara 10 ya lenzi iliyobanwa f/5.6. Usiinunue sasa. Itakuwa ya mwakani, na hata ya kutumika itakufaa sana.

Kabla ya Julai, chukua wiki mbili za mazoezi hapo hapo Tanga. Mji una baiskeli kila kona, na mwendesha baiskeli anakwenda kasi kuliko twiga anayetembea. Simama ng'ambo ya barabara, 250 mkononi, mfuate kwa kamera huku unapiga, mpaka picha za waendesha baiskeli kumi mfululizo zitoke safi. Kwa mwanga hafifu, nenda mapango ya Amboni na wanafunzi wako, wajaribu kupandisha ISO wao wenyewe walinganishe matokeo. Utakapopata bodi na lenzi za kununua, nitumie picha ya maandishi ya mbele ya lenzi kabla hujatoa hela. Nitakujibu siku hiyo hiyo.